Kinyozi Alivyonipunguzia Mzigo

Mkasi wangu uliletwa nyumbani Jumamosi saa nne asubuhi, umefungwa kwenye kipande cha bitana nyeupe, na aliyeuleta hakuweza kunitazama usoni.

Pale karakana ya Madamu, tunaposhona magauni ya harusi, kila fundi ana msumari wake ukutani, na kwenye msumari huo unaning'inia mkasi wake. Ukiugua, mkasi unabaki. Ukifiwa, unabaki. Ukienda kujifungua unabaki hata miezi sita, na hakuna anayethubutu kuugusa. Kuna fundi mgeni aliwahi kuazima mkasi wa mwenzake akakatia karatasi, alisemwa mpaka akalia. Mkasi unashuka msumarini siku moja tu, siku mwenyewe anapoacha kazi. Kwa hiyo sikuhitaji barua.

"Mbona umekodoa macho?" aliuliza mama mkwe, kutoka kwenye kochi alikokuwa anakunja nepi. "Kuna msiba?"

"Sijui, Mama," nilisema. "Hebu tumuulize aliyeleta habari."

Aliyeleta habari alikuwa Mama Vifungo, jirani yangu wa cherehani. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayeshona vile vifungo vidogo vinavyoshuka mgongoni mwa gauni, hamsini, sitini, kimoja kimoja kwa mkono. Ana watoto wanne na ulimi usio na breki. Siku hiyo ulimi wote ulikuwa umemkauka.

"Mwenzangu, mimi nimetumwa tu," alisema. "Madamu kaniambia umeamua kupumzika, ulee mtoto."

"Nimeamua lini?"

"Jumanne. Si mumeo alikuja? Na koti lake jeupe, na heshima zake zote. Akasema, mke wangu amechoka, nimekuja kumwombea ruhusa aache kazi. Madamu akasikitika, lakini akamshukuru kwa uungwana. Leo saa sita kuna binti anakuja kukaa kwenye cherehani yako."

Nilikuwa nimembeba mwanangu begani. Tunamwita Bosi, kwa sababu tangu alipofika duniani hakuna mtu katika nyumba hii anayekula, anayeoga wala anayelala bila idhini yake. Nikakaa naye palepale kwenye kona ya kochi, juu ya nepi zilizokwisha kukunjwa. Mama mkwe akazivuta taratibu kutoka chini yangu.

Nikueleze nyumba yenyewe. Vyumba viwili na sebule. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, na hata hilo lilikuwa limefungwa, maana mama mkwe alisema upepo utamwingia mtoto kifuani. Kamba ya nguo ilipita katikati ya sebule, kutoka kwenye komeo la dirisha hadi kwenye kitasa cha chumba chetu, hivyo kila aliyetaka kupita aliinama chini ya nepi mbichi. Miezi minne na siku tisa nilikuwa nimetoka nje ya lango mara tano, zote kwenda kliniki, na zote mama mkwe yuko pembeni yangu na mwavuli. Sisemi ni mtu mbaya. Alinikanda miguu ilipovimba, alinipikia uji, aliniogesha nilipokuwa siwezi kusimama. Tatizo ni kwamba alinipenda kwa kunizingira, na ukizingirwa na mtu anayekupenda hujui upige kelele kwa nani.

Kitu kimoja tu kilinishikilia. Kila nilipoona kuta zinanisogelea, nilijiambia, bado wiki saba, bado wiki sita, kisha utarudi kwenye cherehani yako, utasikia wenzako wakicheka, utashika kitambaa ambacho hakijatapikiwa.

"Kwani ulimwambia nini mumeo?" aliuliza Mama Vifungo.

"Nilimwambia nimechoka."

"Umechoka na nini?"

Nilimtazama mama mkwe. Nikalitazama lile dirisha lililofungwa. Mkasi ulikuwa mapajani, mzito, na nadhani ndio ulionipa ukali.

"Nimechoka kuwa mama kuanzia asubuhi mpaka asubuhi nyingine," nilisema. "Nimechoka kunukia maziwa. Nimechoka kuulizwa mtoto amekula nini, amelala vipi, amekunya rangi gani, na hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi. Kuna saa nikimtazama Bosi naona mtu aliyekuja kuniibia, akachukua mwili wangu na jina langu. Halafu ananitazama, na mimi naona aibu kama mwizi ndiye mimi."

"Jamani!" Mama mkwe aliachia nepi. "Mbele ya mtoto? Mtoto anasikia!"

"Mwacheni asikie, Mama," alisema Mama Vifungo, na ulimi wake ukawa umerudi kazini. "Si mama yake naye ni mtu? Mimi nilipojifungua wa pili, unajua likizo yangu ilikuwa wapi? Chooni. Naingia, nafunga komeo, nakaa. Sina haja yoyote. Nakaa tu kwa sababu ule ndio mlango pekee uliokuwa unafungwa kwa ndani. Wanagonga, 'mama, mama!' Najibu, 'tumbo linaniuma!' Mume wangu alininunulia dawa ya tumbo miezi mitatu."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Bosi akageuza shingo kunitazama, akanionyesha fizi.

"Na wala sitaki mseme simpendi," nilisema. "Wiki iliyopita nilipiga chafya, akacheka. Mara ya kwanza kucheka kwa sauti. Nikapiga nyingine ya uongo, akacheka tena. Nilijipigisha chafya mpaka pua ikawaka moto. Mtu angenikuta angesema nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa na furaha, Mama Vifungo! Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi."

"Ndiyo hivyo. Anakumaliza, halafu anakulipa kwa fizi."

Tulidhani mama mkwe atatukemea. Badala yake alikuwa anaikunja nepi moja, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mnadhani mmeyaanza nyie," alisema mwishowe. "Mkwe wangu, huyu mume wako alilia wiki tisa. Tumbo lake lilikuwa halitulii. Baba yake kazi ya mbali, mimi peke yangu. Ikifika mahali siwezi tena, namlaza katikati ya kitanda, namzungushia mito, natoka nyuma ya nyumba, nasimama nimeukabili ukuta. Na naimba. Naimba kwa nguvu zangu zote ili nisimsikie. Majirani wakawa wanasema, jamani yule mzazi ana furaha! Wakaja kunipongeza." Alivuta pumzi. "Nilikuwa nimemchoka. Kuna siku nilimwomba Mungu amchukue mmoja wetu, yeyote."

"Mama."

Hiyo haikuwa sauti yangu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameinama nusu chini ya kamba ya nguo, nywele za watu zimemjaa kwenye koti. Alikuwa amekuja kuchukua mashine ya akiba ya kunyolea, maana ya saluni kwake ilikuwa imekufa.

"Ulinichoka, Mama?"

"Nilikuchoka," alisema mama yake bila kutikisika, "na nilikupenda. Vyote siku moja, kabla ya saa sita mchana. Na nilikaa. Sikwenda popote, sikumwachia mtu mtoto wangu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwa hiyo na mkeo atakaa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilidhani mtu akishasema ukweli kama ule atakufungulia mlango. Yeye alikuwa ameusema ukweli wote, kisha akaufunga mlango na ufunguo akaukalia.

Mume wangu aligeuka kwangu, akauona mkasi. Na unajua alichofanya? Alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyeficha zawadi na imegunduliwa.

"Kumbe wameshauleta. Nilitaka nikwambie jioni, nikushtukize."

"Umeshanishtukiza," nilisema. "Hongera."

Tabasamu likaanza kuanguka upande mmoja. "Mke wangu, uliniambia umechoka. Siku tatu mfululizo unalia. Nikasema, mtu aliyechoka anapunguziwa mzigo."

"Na ulijuaje mzigo ni upi?"

"Niliuliza."

"Uliniuliza mimi?"

"Niliuliza watu."

"Watu gani?"

Akajikuna shingo. "Wateja."

Mama Vifungo alifunika mdomo kwa kiganja. Hata Bosi alitulia.

"Uliyapeleka machozi yangu saluni?"

"Sikutaja jina! Nilisema kuna jamaa yangu mmoja, mke wake amejifungua, kila siku analia..."

Mama Vifungo alikohoa. "Shemeji, samahani kuingilia. Lakini mtaa mzima unajua jamaa yako huyo ana kiti cha kuzunguka na vioo viwili."

"Walikuwa watu wazima," alijitetea. "Yule mwalimu mstaafu alisema kilio hicho ni cha kuogopa kumwacha mtoto. Muuza simenti naye akasema mkewe alilia hivyohivyo, alipoachishwa kazi akanyamaza. Wote wawili walisema jambo moja. Wana uzoefu."

"Wamezaa?"

"Wana watoto, saba kwa jumla."

"Nimeuliza wamezaa?"

Nilisimama. Kichwa changu kiligonga nepi mbichi, ikanipiga usoni kwa ubaridi, nikaivuta nikaitupa chini, na ya pili, na ya tatu.

"Nilichochoka ni hiki!" nilisema. "Kamba hii! Dirisha hili! Kuambiwa usitoke, usibebe, usichoke! Kwenye nyumba hii yote nilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na ulikuwa kwa Madamu. Wewe umeinuka asubuhi, umevaa koti nililokushonea kwa mikono yangu, ukaenda kuufunga. Kwa mapenzi! Ungekuwa mtu mbaya ningejua la kukufanya. Sasa mtu kama wewe ninamfanyaje?"

Alilitazama koti lake, na mimi nikalitazama. Hilo koti ndilo lililotukutanisha. Alileta kitambaa chake karakana, ingawa hatushoni makoti, akasema ameambiwa kuna fundi mwenye mkono mwepesi. Alilirudisha mara nne. Mara mkono mrefu, mara mfupi, mara kola inamkaba. Mara ya nne nilimuuliza, kaka, kasoro ni ipi leo? Akanitazama kwenye kioo, si usoni, kwenye kioo kama vinyozi wanavyozoea, akasema, kasoro ni kwamba likiwa sawa sitakuwa na sababu ya kuja. Wenzangu walinitania mwezi mzima. Mtu huyo aliyekuwa anatafuta sababu ya kuja kuniona kwenye cherehani yangu ndiye aliyeniondoa kwenye cherehani hiyohiyo, na bado macho yake, Mungu wangu, yalikuwa yaleyale.

"Nitakwenda kwa Madamu sasa hivi," alisema. "Nitamwambia nilikosea."

"Hapana. Umenisemea mara moja, inatosha. Nitakwenda mwenyewe."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Mshike mtoto."

Jambo dogo kama hilo. Ungedhani nimemwomba ashike nyoka. Alimtazama Bosi, akaitazama saa ukutani, akamtazama mama yake.

"Mke wangu, nina bwana harusi kwenye kiti. Mashine imezimika nikiwa nimemnyoa nusu. Upande mmoja uko tayari, upande mwingine kichaka. Harusi ni saa nane."

"Mpe mkeo mtoto wake ukamalize kazi," alisema mama mkwe. "Na msinitazame mimi. Mimi simshiki. Niliwalea wa kwangu, sikuwahi kuwatupia watu. Akitoka kwenye lango hilo leo, atoke akijua mtoto hana mtu."

Nilijua ilivyo. Asubuhi hiyo angeniambia anaumwa mgongo ningeweza kubishana naye, lakini alisema kwa utulivu, na mtoto alikuwa mikononi mwangu, na mtu mwenye mtoto mikononi hashindi ugomvi wowote. Saa ilikuwa inakaribia saa tano. Mama Vifungo alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikaanza kukaa tena. Kweli, nilikuwa ninakaa. Magoti yalikuwa yamekunjika tayari.

"Subiri," alisema mume wangu.

Alivua koti la kazi, akalikung'uta nje ya mlango, akarudi amebaki na shati. Akanyoosha mikono.

"Nipe."

"Na bwana harusi?" aliuliza mama yake.

"Atasubiri, au aje anyolewe hapa sebuleni. Au aoe nusu kichaka, Mama, sijui! Nipe mtoto, mke wangu."

"Bibi harusi ndiye wa kuhurumiwa," alisema Mama Vifungo kwa upole. "Hajajua bado."

Nilimpa. Alimpokea kwa kumshika kichwa kwa vidole vitano, kama anavyomshika mteja anayetingishika, na Bosi akakunja uso akitafakari kama alie. Nilimwambia amenyonya sasa hivi, ana saa mbili, labda tatu. Nilimwambia akianza kusugua sikio ni usingizi. Nilimtajia wimbo wa kumbembelezea. Nilikuwa ninaongea haraka na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta viatu chini ya kochi. Vilinibana. Mguu wangu ulikuwa umekua na sikuwa nimejua.

Alinifuata hadi langoni. Mama mkwe alibaki ndani, na tulisikia dirisha la sebule likifunguliwa, kwa sababu alitaka kusikia.

"Utarudi?" aliuliza mume wangu.

"Mara ya mwisho uliniuliza swali lini?"

"Naanza leo."

"Sijui kama nitapata au nitakosa."

"Sikuulizi kazi." Macho yalikuwa mekundu, na hakukuwa na kioo cha kujificha. "Nakuuliza kama utarudi kwangu."

Nilitaka kumjibu kwamba nampenda, maana nilimpenda. Lakini niliogopa nikilitamka neno hilo atalichukua, atalikunja vizuri, na mimi nitajikuta tena ndani. Unywele wa mtu ulikuwa umenasa kwenye kope yake. Niliutoa kwa kidole. Kisha nikatoka na mkasi wangu.

Jua lilikuwa kali, nilitembea chini yake kama mgeni. Mama Vifungo alinishika mkono. Tulipita duka la vyombo, tukapita fundi viatu, na mbele ya duka la dawa, kwenye mgongo wa mwanamke nisiyemjua, mtoto akalia.

Hakuwa wangu. Mwili wangu haukujali. Maziwa yalishuka yote kwa mara moja, kwa uchungu, yakalowesha blauzi mpaka tumboni, katikati ya barabara, watu wakitazama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini hawasemi kwamba unaweza kukufuata barabarani na kukushika kifua mbele za watu. Nilisimama. Nilimtaka mwanangu kwa kila mshipa nilionao. Nilimtaka kuliko siku waliyomweka mikononi mwangu.

"Turudi?" aliuliza Mama Vifungo.

Na sikutaka kurudi. Nililia, nikatikisa kichwa, tukaenda.

Binti alikuwa amewahi. Tulipoingia karakana tulimkuta ameshakaa kwenye kiti changu, mgongo umenyooka, mikono mapajani, anaogopa hata kuigusa cherehani. Mashine zote zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Madamu aliinua kichwa kutoka kwenye meza ya kukatia, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mumeo alikaa pale," alisema, akionyesha kiti cha wateja, "akaniambia umeamua. Leo wewe unakuja kuniambia nini? Nimwamini nani?"

"Mimi, Madamu. Hakuniuliza."

Madamu aliitazama blauzi yangu iliyolowa. Hakuharakisha. Ana watoto watatu wakubwa, na sikuwahi kumsikia akiwazungumzia.

"Hayo maziwa yanasema urudi nyumbani," alisema.

"Yanasema hivyo tangu duka la dawa," nilimjibu. "Nimeyasikia. Nimekuja."

Aliivua futi shingoni, akanionyesha kwa kidole msumari wangu mtupu ukutani. Kisha akageukia kwenye cherehani yangu.

"Binti," alisema, "hebu inuka."